RAV4 Nyeusi Nyuma ya Wodi ya Wazazi

Prado ilikata kona ya Kemambo kwa tairi mbili.

Vumbi jekundu likapanda juu kuliko migomba. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi kando ya barabara akamvuta mwanawe kwa mkono mmoja hadi mtoto akapaa kama kifaranga. Mahindi yakasambaa. Prado haikupunguza mwendo.

Nyuma yake ilikuja pikipiki, Boxer ya kawaida kama za vijana wa stendi. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke. Kitenge kiunoni, kofia ngumu kichwani, Glock 19 mkono wa kushoto.

Jina lake Wegesa. Pale sokoni Tarime wanamwita Mama Shani, muuza sufuria, mpole, mwenye kukopesha. Idara ya usalama ilimjua kwa jina jingine.

"Mchi, hapa Kinu." Sauti ilitoka kwenye kidude kilichokaa sikioni mwake, kidogo kama punje ya mtama. Ilikuwa sauti ya Simioni, mkuu wake, ambaye muda huo alikuwa ameketi nyuma ya duka la misumari mjini Tarime. "Uko wapi?"

"Mgongoni kwake."

"Namtaka hai."

"Itategemea na yeye."

Aliyekuwa anakimbia aliitwa Mokami, dereva wa kukodiwa, na mwajiri wake alikuwa mgeni mmoja anayeitwa Kessel. Kessel alikuwa na pembe za faru wawili waliouawa Serengeti, na siku hiyo zilitakiwa zivuke mpaka kwa njia ya Gorong'a. Hayo Idara iliyajua. Ila kule Gorong'a palikuwa na kizuizi chenye askari wa wanyamapori waliovizia na bunduki mkononi, na polisi nyuma yao. Kessel angewaondoaje wote kwa mara moja? Hilo ndilo lililokuwa linawanyima usingizi, na aliyekuwa na jibu lake ni Mokami.

Kioo cha nyuma cha Prado kikapasuka. Risasi ikapita karibu na shavu la Wegesa, akasikia joto lake.

Hakuinama. Alisubiri mtelemko.

Prado ilipoinua mkia kwenye tuta, akafyatua mara mbili. Tairi la kulia likachanika. Gari likayumba, likapiga kichuguu, likageuka chali, likaburuzika kwenye shamba la mihogo na kulala huku matairi yanazunguka hewani.

Wegesa aliitupa Boxer chini na kukimbia.

Mokami hakuwa mtu wa kufa kirahisi. Alitoka dirishani na sime mkononi, uso wote damu, akampiga Wegesa kwa bega kabla hajalenga. Glock ikaruka, ikatumbukia kwenye dimbwi wanakonyweshea ng'ombe. Wakaanguka pamoja. Sime ikashuka. Wegesa akaikinga kwa kofia yake, kofia ikapasuka vipande viwili kama kibuyu. Mokami akamkaba koo kwa mkono wa kushoto, vidole vya chuma, dunia ikaanza kuwa nyeusi pembeni.

Ndipo alipochomoa jambia dogo lililokuwa chini ya kitenge, akalizamisha kwenye mbavu.

Hadi mpini.

Mokami akamwachia. Akakaa chini, mgongo kwenye mlango wa Prado, akaangalia ule mpini kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Wegesa alikohoa, akatema mate yenye damu. Hapo ndipo jicho lake lilipoangukia kwenye kitu kilichotoka buti ya Prado na kuvingirika hadi kwenye mihogo. Betri ya gari. Ilikuwa imepasuka na maji yake yalikuwa yanaunguza majani. Prado ilikuwa na betri yake mahali pake. Sasa hii ya nini? Mtu gani anakimbia kufa na kupona huku amebeba betri ya gari jingine?

Alimuuliza.

Mokami alicheka. Povu jekundu likamtoka pembeni mwa mdomo.

"Umechelewa, mama. Ile nyingine nimeshaipaki."

"Ipi?"

"RAV4. Zahanati ya kule Nyamwaga, nyuma ya wodi ya wazazi. Imebeba baruti za kupasulia mawe, mlipuko saa tano." Akavuta pumzi, pumzi ikagoma njiani. "Ni otomatiki. Nimeiacha kwenye P, na betri yake hiyo hapo. Lete kijiji kizima. Hawataisogeza hata kidole."

Akafa akiwa bado anatabasamu.

Wegesa akampekua upesi. Mfuko wa shati ulikuwa na ufunguo wa Toyota wenye kibandiko cha ng'ombe mwekundu wa plastiki. Akautia mdomoni, akanyanyua pikipiki. Glock ilikuwa imezama kwenye matope, jambia lilikuwa limekwama kwenye mfupa. Hakuwa na muda wa kuvitoa.

Simioni alipoambiwa, akaeleza kwa sauti ya chini kile ambacho wote wawili sasa walikiona. Siku hiyo ilikuwa siku ya kliniki. Mlipuko ukiwaua akina mama na watoto wao, kila ukoo kati ya zile koo mbili zenye uhasama utasema ni ukoo wa pili. Mishale itatoka darini kabla ya jua kuzama. Polisi wote watakimbilia Nyamwaga, askari wa kizuizini watafuata, na Kessel atapita Gorong'a akipiga mluzi.

"Waambie wa Gorong'a wasiondoke," Wegesa alisema. "Hata wasikie mshindo wa kiyama. Wabaki palepale."

"Na wewe?"

"Mimi naenda kliniki."

*

Zahanati ile imejengwa kwenye mgongo wa kilima. Mbele kuna barabara, nyuma kuna mtelemko unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye shimo kubwa ambalo wajenzi wa barabara walichimba moramu wakaliacha wazi, bila hata uzio. Ng'ombe wameshaanguka mle. Siku moja ataanguka mtoto, kila mtu anasema hivyo, na kila mtu anapita.

RAV4 nyeusi ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume. Tairi lake la akiba, lile linaloning'inia mlango wa nyuma, lilikuwa hatua moja tu kutoka ukuta wa wodi ya wazazi. Pua yake ilitazama mtelemko. Nayo ilikuwa imezungukwa na watu kama mzoga wa tembo.

Walikuwa wanajaribu kuisogeza ili gari la wagonjwa lipate njia. Wanaume wenye mabega, waliozoea kumbana fahali kwa pembe, walikuwa wanatoka jasho.

"Weka fri, mura."

"Fri itoke wapi na mlango umefungwa?"

"Basi sukuma tu, hili gari la kina mama, halina uzito."

Lilikuwa halitikisiki. Gari la gia za kawaida likizima, utalitia fri, gia zisishike, na kulisukuma hata na watoto wako. Hili la otomatiki likikosa umeme kwenye P, gia ya kuegeshea, linajifunga lenyewe, na ukilisukuma ni kama unasukuma nyumba. Kuna aliyelitilia mawe matairi ya mbele, kwa wema wake, kama tunavyofanya sote tukiona gari kwenye mtelemko. Watoto walikuwa wamepanda juu ya boneti na kuteleza.

Wegesa akawashusha wawili kwa mpigo mmoja. Akaufungua kidogo mlango wa nyuma kwa ufunguo, akachungulia.

Ndani kulikuwa na sanduku la chuma, limechomelewa pande zote, limefungwa kwenye sakafu kwa bolti ambazo vichwa vyake vilikuwa vimesagwa. Hakuna waya ulioonekana. Kilichoonekana ni kioo kidogo na saa nyuma yake, na mkono mrefu wa saa ulikuwa unapanda kuelekea juu.

Kulitegua, hapana. Kulitoa, hapana.

Kuliondoa pamoja na gari lake, labda.

Akamfuata muuguzi wa zamu, kijana mrefu wa Bukoba anayeitwa Evodius, akamwambia sikioni kilichomo na kwamba atoe kila mtu. Evodius hakuuliza mara mbili. Akina mama wenye watoto mgongoni wakaanza kutoka kwa mlango wa mbele kuelekea kanisani, mizani ikabaki inabembea peke yake. Ila mwenyewe hakutoka. Alisimama kwenye mlango wa wodi amevaa glavu, damu hadi viwikoni.

"Kuna mmoja siwezi kumtoa," alisema. "Lilian. Kichwa cha mtoto kimeshaonekana na anavuja damu. Nikimbeba njiani nitawapoteza wote wawili."

"Kitanda chake kiko wapi?"

Evodius akaonyesha. Kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyuma. Upande wa pili wa ukuta ule, tofali moja tu katikati, ndipo lilipokuwa lile sanduku.

Wegesa alirudi nje na kufanya kosa. Aliwaambia wale wanaume kwamba ndani ya gari kuna bomu.

Wanane wakakimbia. Sitini wakasogea.

Simu zikainuliwa juu. Mmoja akawa anamwinua mwanawe begani ili aone vizuri. Ndiyo sisi. Kifo kikipita barabarani, tunatoka nje kukitazama, na watoto tunawashika mkono.

Hakukuwa na muda wa kuwabembeleza. Wegesa alitazama huku na huku, akamwona mwanamke mmoja aliyekataa kwenda kanisani, mnene wa mabega, mtoto mgongoni. Aliitwa Ester, wifi yake Lilian. Alisema haondoki mpaka wifi yake atoke.

"Sauti yako ikoje?" Wegesa alimuuliza.

"Nikiita shambani wananisikia Serengeti."

"Basi panda pale juu barabarani, upige mwano. Sema ng'ombe wamechukuliwa, wameelekea Kemambo."

Ester akamwangalia kama mwendawazimu. Mwano si mchezo. Ni yowe la ng'ombe kuibiwa, na anayelipiga kwa uongo wazee wanamtoza fahali mbele ya ukoo mzima.

"Fahali nitatoa mimi," Wegesa alisema. "Piga."

Ester akapanda. Akaweka viganja mdomoni.

Yowe lile lilitoka tumboni, jembamba na refu, likapita juu ya mabati ya zahanati, likagonga kilima cha pili na kurudi. Kabla halijarudi, watu walikuwa wameshageuka. Mwanaume wa Kikurya akisikia mwano haulizi ng'ombe ni wa nani. Aliyeshika simu aliitia mfukoni akikimbia. Aliyembeba mtoto alimtua. Mapanga yalitoka yalikotoka, fimbo zikang'olewa kwenye ua, na kundi lote likapanda kilima kwa kishindo, likavuka barabara na kupotea upande wa Kemambo. Hata mlinzi wa zahanati alikwenda.

Pakawa kimya.

Mwanaume mmoja tu alibaki.

Alikuwa kwenye kivuli chembamba cha choo, na ubao wa miwani ya jua anayouza. Alikuwa pale tangu Wegesa alipofika. Mwano ulipopigwa hakugeuza hata shingo kutazama juu kilimani. Alikuwa anatazama gari.

Mwanaume asiyekimbilia mwano ni mgonjwa, au si wa hapa.

Wegesa hakuonyesha kwamba amemwona. Alijua tu kwamba sasa adui ana uso, na kwamba yeye mwenyewe hana silaha.

*

Kulikuwa na akina mama watano waliorudi kutoka kanisani kwa siri, kwa sababu ya Lilian. Wegesa aliwaambia wajipenyeze nyuma ya gari. Migongo kwenye ukuta, nyayo kwenye lile tairi la akiba. Wasifanye lolote mpaka gari lenyewe likubali.

Ester alishuka mbio akawa wa sita.

Wegesa akalala kifudifudi kuondoa mawe kwenye matairi. Jiwe la kwanza likatoka. Aliponyoosha mkono kulichukua la pili, alikutana na macho mawili.

Chini ya injini, kwenye kivuli, alikaa mtoto wa kama miaka miwili. Alikuwa anakula ndizi.

Ametoka kwa nani, nani amemsahau, hakuna aliyejua. Katika zogo lote lile mtoto alikuwa ametafuta pa kupumzika akapapata. Angeachia breki bila kulala chini kwanza, tairi lingepita juu ya kichwa kile na hakuna ambaye angesikia kitu. Akamvuta kwa mguu, akampasia Ester juu ya boneti, Ester akampitisha dirishani kwa Evodius. Ndizi ilibaki chini.

Jiwe la pili likatoka. Akalivingirisha hatua chache mbele ya gari, katikati ya njia ya matairi.

Akaingia ndani. Breki ya mkono ilikuwa juu, akaiacha juu. Akachomeka ufunguo, akazungusha. Usukani ukafunguka, ila dashibodi haikuwaka hata taa moja. Akakanyaga breki ya mguu. Ngumu kama jiwe, maana injini imezima. Akaikanyaga tena kwa uzito wote, akabonyeza kitufe cha mkono wa gia, akavuta.

Haikutoka kwenye P.

Alijua haitatoka. Alikuwa anatafuta kitu kingine. Pembeni mwa mkono wa gia, pale ambapo watu hurundika sarafu na risiti, kuna kifuniko kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na maandishi ya Kizungu ambayo hakuna anayeyasoma, shift lock, yaani kufuli ya gia. Chini yake kuna kitundu. Chuoni kwao Idara walifundishwa kukitafuta wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, kwa sababu gari linaweza kukufia darajani, au kwenye reli, na lori linakuja.

Kucha ikavunjika. Akajaribu nyingine, nayo ikavunjika.

"Nipeni kitu chembamba," alisema. "Cha chuma."

Ester hakufikiri. Alimvuta mwanawe kutoka mgongoni, akachomoa pini ya nepi, ile kubwa yenye kichwa cha plastiki ya bluu, akaipitisha dirishani. Nepi ikaanguka. Mtoto akakojoa juu ya mkono wa mama yake, naye Ester akarudi mahali pake ukutani.

Kwa ncha ya pini kifuniko kikaruka.

Hapo ndipo kioo cha mbele kilipogeuka utando wa buibui.

Hakukuwa na mlio, ila pumzi fupi tu, kama mtu anayezima kibatari. Risasi ilimwingia Wegesa begani, upande wa kushoto, ikatokea nyuma na kuingia kwenye kiti. Muuza miwani alikuwa amesimama mbele ya boneti, miguu ameitanua, bastola yenye sailensa mikononi. Huyo alikuwa Zablon, mchinjaji wa Kessel, mtu ambaye Idara ilikuwa na jina lake na haikuwahi kuwa na picha yake.

"Toka kwa hiyo gari, mathee," alisema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka wa Sirari. "Pole pole."

Wegesa aliinama juu ya gia kama mtu anayekufa. Damu ilikuwa inamtiririka hadi kwenye vidole. Akaifunga pini ili upande wake mnene uwe mbele, akaiingiza kwenye kitundu, akaisukuma chini kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Mguu kwenye breki. Kidole kwenye kitufe.

Akavuta.

Mkono wa gia ukashuka. R. Halafu N, fri yenyewe.

Zablon aliliona bega lake likisogea, akacheka.

"Unatafuta starter? Haina betri hiyo."

"Siitafuti," Wegesa alisema.

Akaachia breki ya mkono.

Ndani ya wodi, kupitia dirisha lililo wazi, Evodius alikuwa anamwambia Lilian, kwa sauti iliyokuwa inakaribia kulia, asukume. Sukuma. Tena, sukuma. Na nje ya ukuta wanawake sita walikaza migongo yao kwenye tofali zilezile, wakaweka nyayo kwenye lile tairi, mmoja akiwa na ndala moja tu, wakasukuma.

Gari likatembea.

Bila mlio. Bila moshi. Gari lililokufa, halina betri, lilimjia Zablon mbele yake kama ng'ombe anayetoka zizini, na kwa sekunde nzima hakuamini macho yake. Sekunde hiyo ndiyo iliyomuua. Alifyatua, risasi ikapita juu ya kichwa cha Wegesa. Akarudi nyuma hatua moja, hatua ya pili kisigino kikagonga lile jiwe.

Akaanguka chali.

Bampa ilimpita kifuani. Wegesa alisikia mbavu zikivunjika chini ya miguu yake, sauti ya kuni kavu. Zablon alipiga ukelele mmoja, akaidaka bampa kwa mikono yote miwili, gari likamburuza kwenye mtelemko, nguo kwanza, halafu ngozi. Bado alikuwa anang'ang'ania. Bado bastola ilikuwa inaning'inia kidoleni.

Usukani ulikuwa mzito kama kinu. Bila injini hakuna kinachokusaidia. Wegesa aliubana kwa mkono mmoja na kiwiko, damu inateleza, pua ya gari inataka kwenda kulia ambako kuna nyumba ya watu na nguo zimeanikwa. Akaulalia usukani kwa kifua. Pua ikarudi.

Mwendo ukaongezeka. Shimo likaonekana, jekundu, limepanua mdomo.

Akafungua mlango akajitupa.

Alibingirika kwenye nyasi na mawe, bega lililopigwa likatangulia, dunia ikawa nyeupe kwa maumivu. Alipoinua kichwa aliona mkono wa mtu ukipotea ukingoni, kiganja kimefunguka, kinashika hewa. Halafu tairi la akiba.

Kisha saa ikatimia.

Ardhi iliruka. Mshindo ulitoka shimoni ukapanda wima kama mti, na moramu, mabati, vipande vya mpira na vya mtu vikanyesha juu ya mtelemko wote. Vioo vya zahanati vikamwagika. Kanisani watu walilia. Mbuzi wa jirani walilala chini wote kwa pamoja, halafu wakainuka wote kwa pamoja.

Ukuta wa wodi ulipata ufa mmoja. Ulisimama.

Vumbi lilipokuwa linatua, palikuwa na ukimya ambao wale akina mama sita hawatausahau. Walikuwa bado wamekaa chini, migongo kwenye ukuta, wanasikiliza upande wa ndani. Ester alikuwa amefumba macho.

Mtoto akalia.

Kilio cha hasira, kikali, cha mtu aliyeamshwa vibaya. Evodius akachungulia kwenye dirisha lisilo na kioo, akasema ni wa kike, na mama yake anaomba uji.

*

Kule Gorong'a mshindo ulisikika kama radi ya mbali. Askari wa kizuizini walitazamana. Hakuna aliyeondoka.

Kessel alifika mwendo wa mtu aliyeambiwa njia ni nyeupe, Land Cruiser mbili, magunia ya mkaa juu. Alikuta bunduki kumi na mbili zimelala juu ya mawe zinamsubiri. Dereva wa kwanza alijaribu kugeuza, akapigwa akiwa bado anazungusha usukani. Wa pili alitoka na SMG, akarudishwa ndani ya gari lake kwa risasi. Pembe zilikuwa chini ya mkaa, zimefungwa kwenye blanketi la mtoto.

"Mchi, hapa Kinu." Simioni alikuwa anapumua kama aliyekimbia yeye. "Tunazo. Zote."

"Na Kessel?"

"Anapumua. Vidole viwili hana."

"Vinamtosha vilivyobaki. Aandike maelezo."

Evodius alimfunga bega kwa bendeji akiwa amepiga magoti kwenye ngazi ya nyuma ya zahanati. Alisema kaka yake kule Musoma ana gari kama lile, la otomatiki, anawapeleka watoto shule kila siku, na hata siku moja hajasikia habari ya hicho kitundu.

"Mpigie leo," Wegesa alimwambia. "Akitafute gari likiwa limezima, mahali pa tambarare, breki ya mkono iko juu. Asingoje siku limzimikie njiani na watoto wamo ndani." Akavuta pumzi, bega lilikuwa linachoma. "Na kabla hajaiachia hiyo breki, alale chini atazame."

Evodius akatazama ile ndizi iliyobaki kwenye udongo. Akatoa simu mfukoni.

Wanaume walirudi wakati huo, wanashuka kilima kwa hasira, mapanga mkononi, wametoka jasho na hawajaona hata kwato. Mbele alikuwa Mseti, mkubwa wa sungusungu, mtu mwenye sauti kama ngoma. Alitaka kujua nani amepiga mwano. Ng'ombe wa nani. Wako wapi. Mbona wamekimbizwa mpaka Kemambo kama wehu, na huku nyuma kumelipuka nini.

Wegesa alifungua mdomo ili aseme ni yeye, fahali atamleta.

Ester alimtangulia. Alisimama, mwanawe uchi mkononi, kitenge kimelowa mkojo, mgongo wote umechubuliwa na tofali. Wale wengine watano wakasimama naye.

"Sisi tumepiga," alisema. Akaonyesha kwa kidevu kule shimoni, moshi mweusi unakotoka. "Ng'ombe wenu yule pale, baba Mseti. Sisi tumeshamwangusha. Nendeni nyinyi mkamchune."

Mseti alitazama shimo. Akatazama ukuta wenye ufa. Ndani yake kichanga kilikuwa kinalia. Akaliinamisha panga lake chini taratibu, wenzake nao wakayainamisha. Fahali hakutajwa tena.

Wegesa alimwendea Ester na kumpa pini yake. Ilikuwa imepinda katikati, ile plastiki ya bluu imeingia damu.

"Haifungi tena," Ester alisema. "Kaa nayo."

Wegesa akaichomeka kwa ndani, kwenye pindo la kitenge, mahali palipokuwa na jambia. Akaivuta Boxer, akaiwasha kwa teke moja. Njiani alipiga simu nyumbani Tarime, akamuuliza Shani kama amekula, na kama wale watoto wa jirani bado wanachezea chini ya lori la baba Gift. Aliposikia bado, akaongeza mafuta.

Kule sokoni walimwona kabla ya jioni, amekaa nyuma ya sufuria zake, mkono mmoja ndani ya khanga. Aliyemuuliza aliambiwa ameanguka na pikipiki.